Nyayo Chini ya Korido

Duka la vigae lilikuwa linakaribia kufungwa, na Sindano alikuwa bado hajaamua.

Hilo halikuwa jina lake. Alipewa na wateja wake wa cherehani, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, maana vyote viwili vilichoma. Jioni hiyo alikuwa mbele ya rafu tangu saa kumi, futi kamba ya kushonea ikiwa shingoni kama kawaida yake, mkononi karatasi yenye vipimo vya korido ya nyumbani kwake. Alishika kigae hiki, akakirudisha. Akashika kile, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakirudisha. Nje jua lilikuwa linaondoka. Mtunza stoo alishaanza kufunga madirisha ya mbele, moja baada ya jingine, bila neno, kama watu wanavyomfukuza mteja kwa adabu.

Si kwamba vigae vilikuwa vibaya. Kwa kila alichokipenda, alijiuliza swali moja tu: je, marehemu angekichagua hiki? Na kila alipojiuliza, jibu lilikuwa ndiyo.

Sindano aliolewa na mgane. Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu wa safari, na mtaani walimwita hivyohivyo, Mpima. Mke wake wa kwanza alifariki miaka mitatu nyuma, nyumba ikiwa haijakamilika. Sebule alishaiwekea vigae vya rangi ya maziwa, na kila mgeni aliyeingia alisimama kidogo mlangoni, akatazama chini, akasema neno lilelile: "Marehemu alikuwa na jicho." Wifi yake Sindano, dada mkubwa wa Mpima aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, alisema hata bila kuulizwa. Akiletewa chai, marehemu alikuwa na mkono. Akiona pazia, marehemu alikuwa na jicho. Sindano alitabasamu, akaitikia, akaumia.

Mtu aliye hai unaweza kumnunia. Unaweza kumsema kwa majirani, ukampita njiani bila salamu, roho ikatulia. Marehemu utamfanya nini? Hazeeki. Haunguzi mboga. Kila siku inayopita anazidi kuwa mzuri.

Kilichomshinda kabisa ni daftari. Siku Mpima alipoaga kwenda safari ya kazi ya wiki tatu, alilitoa kabatini, daftari la karatasi za miraba, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama anayeweka yai.

"Umesema unataka kuimalizia korido," alisema. "Humu marehemu alishapanga kila kitu. Wewe ungefuata tu."

Ungefuata tu.

Mumewe alipoondoka, Sindano alilifungua. Kila chumba kilikuwa kimechorwa kwa penseli, kila kigae na mraba wake, na pembeni mwandiko mdogo ulionyooka. *Kigae kizima kianze mlangoni, mgeni akutane nacho. Vipande viende nyuma ya kabati, pasipoonekana.* Alisoma mstari huo mara mbili, akaona kama umeandikwa kwa ajili yake. Katika nyumba ile, kipande ni yeye. Hakufika ukurasa wa mwisho. Alilitumbukiza daftari kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akalikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka mapovu yakaacha kupanda.

Ndiyo maana alikuwa pale dukani jioni ile, akitafuta kigae ambacho mwanamke mwingine asingekipenda.

"Usivichukue."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ya chini, kama ya mtu aliye msibani.

Sindano aligeuka. Mwanamke wa rika lake alikuwa amesimama mwisho wa rafu, mahali mwanga haukufika vizuri. Gauni refu la rangi ya majivu, pindo limelowa. Alikuwa peku, miguu myeupe kwa vumbi mpaka juu ya vifundo.

"Hivyo kila mtu anavyo," mwanamke akanong'ona.

"Wewe ni wa hapa dukani?"

"Nipo hapa siku nyingi."

Alinukia udongo. Si vumbi la duka... udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa muda si mrefu. Sindano alidhani ametoka kwenye ujenzi.

"Natafuta vya korido," alimwambia.

"Ya hatua kumi na nne."

Sindano alitazama karatasi yake. Alikuwa ameandika mita, si hatua. "Umejuaje?"

"Kwa mguu wa mwanamke, nyingi ni hivyo."

Jibu lilitosha, kwa sababu Sindano alitaka litoshe. Miezi minne ya ndoa alikuwa hajapata mtu wa kumwambia yaliyomo moyoni, na kwa mtu usiyemjua ulimi huwa mwepesi. "Nikuambie ukweli, dada," alisema. "Nataka kitu ambacho mke wa kwanza asingekiwaza. Nataka watu wakikikanyaga wamsahau."

Mwanamke alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa.

"Wamsahau," akarudia taratibu. "Njoo."

Akampeleka nyuma kabisa, nyuma ya masinki na magunia ya saruji, mpaka kwenye kona yenye turubai. Hakulifunua yeye. Alielekeza kwa kidole tu, Sindano akalivuta. Chini yake kulikuwa na maboksi yaliyojaa vumbi, na ndani ya maboksi vigae vya kijani kizito, kijani cha maji ya kisima, na mshipa mweupe ukipita katikati ya kila kimoja kama uzi uliopotea njia. Sindano, ambaye maisha yake yote yalikuwa vitambaa na rangi, alipitisha kidole juu ya mshipa huo. Alivitaka. Alivitaka kama mtu anavyotaka kitu cha mwenzake.

"Vinatosha korido?"

"Vinatosha. Havizidi, havipungui."

"Dada yangu, nikushukuru kwa kitu gani?"

Mwanamke aliinamisha macho, akatazama miguu ya Sindano.

"Viatu," alisema. "Vyangu vilipotea njiani. Nami sijafika bado ninakokwenda."

Sindano alicheka. Zilikuwa sandali za ngozi zilizochoka, ya kushoto ina kiraka cha mpira kisiginoni, kimeshikwa na vimisumari vitatu. Alizivua, akazisogeza mbele kwa vidole vya mguu.

"Umenipa mwenyewe," mwanamke alisema. "Kwa hiari yako."

"Nimekupa mwenyewe. Chukua."

Sindano aliinama kuhesabu maboksi, na alipoinuka alikuwa peke yake. Mtunza stoo alikuja na mkokoteni kubeba. Alisimama kidogo kwenye boksi la kwanza, akaitazama karatasi iliyobandikwa ubavuni, akamtazama Sindano na miguu yake mitupu. Ilionekana kama angesema kitu. Kisha akaangalia saa, akabeba.

Kesho yake fundi wa vigae alifika. Walimwita Kimya, mzee mkavu aliyeongea kwa nyundo yake ya mpira kuliko kwa mdomo. Alipanga vigae viwili vitatu sakafuni bila saruji, akachutama akivitazama.

"Tunaanzia mlangoni?" aliuliza.

"Anzia mwisho, kule bafuni. Vipande vibaki mlangoni."

Mzee Kimya alijikuna shingo. "Dada, hiyo ni sawa na kushona gauni ukaweka pindo shingoni. Mgeni akiingia anakutana na vipande."

"Akutane navyo."

Alikubali, maana nyumba si yake. Akafanya kazi siku mbili, kuanzia bafuni kuja mlangoni, kinyume kabisa cha daftari. Siku ya pili saa kumi alimwita Sindano, akamwonyesha kizingiti. Kigae cha mwisho kilikuwa kimeingia kizima. Kulia kizima, kushoto kizima. Mashine ya kukatia ilikuwa bado imo ndani ya begi.

"Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii," mzee alisema. "Korido zote zinakula vipande. Hii imekataa. Aliyechagua saizi hii alikuja kuipima nyumba hii kwanza."

"Nilichagua mimi," Sindano akajibu.

Ikabaki kukagua. Mzee Kimya aligeuza nyundo, akaanza kugonga kwa mpini, kigae kimoja baada ya kingine, sikio limeinama. Kigae kilichoshika hutoa sauti iliyoshiba. Kilichoacha hewa chini husikika kitupu, na siku moja kabati likiburutwa juu yake kitapasuka. Sindano alimfuata nyuma. Kwenye dirisha la bafu mwanga ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

Kimeshika. Kimeshika. Kimeshika.

Mbele ya mlango wa chumba cha kulala, mzee alisimama.

Akagonga tena. Kitupu, kama debe.

Alikibandua, akajaza saruji, akakirudisha, akakisawazisha kwa pima maji. Wakasubiri. Akagonga. Kitupu. Akakibandua mara ya pili, akajaza zaidi, akakanda mpaka jasho likamdondoka. Akagonga mara mbili, ko, ko.

Kisha kutoka chini...

Ko. Ko.

Mzee alitazama mpini wa nyundo yake kana kwamba ndio uliosema. Polepole, kwa ncha ya mwiko, alikiinua kigae mara ya tatu.

Saruji ilikuwa bado mbichi. Katikati yake palikuwa na alama ya kiatu. Lakini mtu akikanyaga saruji anaacha shimo, na hii haikuwa shimo. Ilikuwa imetuna. Ilikuwa imesukumwa kutoka chini kuja juu, unyayo mzima, kama vile mtu amesimama upande wa pili wa sakafu, kichwa chini, na kuukanyaga udongo kama sisi tunavyokanyaga vigae. Kisiginoni palikuwa na kiraka. Kwenye kiraka, vitobo vitatu vidogo.

Harufu ya udongo mbichi ikapanda.

"Udongo wa chini haukushindiliwa," Mzee Kimya alisema, bila kumtazama. "Unapumua. Hutokea." Akausawazisha unyayo kwa mwiko, haraka, akarudisha kigae, akakusanya vyombo vyake. Nyundo ya mpira aliisahau ukutani. Hakurudi kuichukua.

Asubuhi Sindano alirudi dukani, bila kujua anakwenda kuuliza nini. Mtunza stoo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yale maboksi yaliwekwa pembeni miaka mitatu iliyopita," alisema. "Mteja alivichagua vigae hivyo, tukamwandikia jina, hakurudi tena. Nilipokuona umekwenda moja kwa moja kwenye turubai nikadhani wewe ni ndugu yake."

"Yule mwanamke aliyenipeleka..."

"Dada, ulikuwa peke yako kule nyuma. Nilikusikia unaongea, nikajua uko kwenye simu."

"Jina la huyo mteja ni nani?"

Mtunza stoo alimtajia. Sindano alilijua jina hilo. Lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la kaburi ambalo mumewe alilisafisha kila mwaka.

Mpima alirejea siku mbili baadaye, saa za magharibi. Alifungua mlango, akaweka begi chini, na hakuingia. Sindano alitoka jikoni akamkuta amesimama kizingitini, anatazama chini. Taratibu aliinama, akavua viatu.

"Umeufuata," alisema, sauti imekatika.

"Nimefuata nini?"

"Ukurasa wa mwisho. Kijani cha kisima, mshipa mmoja." Alikuwa analia. Katika miezi minne hakuwahi kumwona akilia. "Hata saizi alikuwa ameipiga hesabu, korido isikatwe hata kigae kimoja. Nilidhani utachagua vyako. Nilikuwa nimejiandaa moyo."

Alimwambia yote hapohapo mlangoni, yale ambayo Sindano hakuwahi kutaka kuyasikia. Kwamba marehemu alikwenda mwenyewe kuvichagua. Kwamba alitoka duka lile jioni, akivuka barabara, na gari lililompitia halikusimama. "Walimleta bila viatu," alisema. "Nilirudi barabarani siku nzima kuvitafuta. Watu walidhani nimepata wazimu. Sikutaka tu azikwe peku."

Sindano alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na la dukani, na la unyayo, na la daftari kwenye ndoo. Aliyameza. Kama angeyasema, mumewe asingeogopa. Angefurahi. Na hilo ndilo asingelivumilia.

Hatua zikaanza usiku uleule, na hazikungoja watu walale. Sindano alipita kwenda bafuni, na kila alipokanyaga, chini yake nako kulikanyagwa. Mguu wa kulia, ko. Wa kushoto, ko, na mkwaruzo mdogo, wa misumari. Aliposimama, zilisimama. Alihesabu. Kumi na nne, kamili, kutoka mlangoni mpaka bafuni, kwa mguu wa mwanamke.

Alipopita Mpima ilikuwa tofauti. Chini yake hakukuwa na kugongana. Kulikuwa na mwendo mwepesi, ubavuni kwake, kama wa mtu anayemsindikiza mwenzake. Mpima hakusema kama anasikia. Ila alianza kutembea peku. Alianza kutoka kitandani alfajiri, akaenda mpaka mlango wa mbele, akarudi, akaenda tena, polepole, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao Sindano alikuwa ameutafuta kwa kila kitu alichojua kukipika na kukishona.

Wifi alikuja kuangalia. Alisimama kizingitini akashika kifua. "Sasa nyumba imekamilika," alisema. "Angekuwepo marehemu..."

"Nimechagua mimi," Sindano alisema.

"Ndiyo, wifi yangu. Umemfuata vizuri."

Siku hiyo, Mpima akiwa kazini, Sindano alipiga magoti mbele ya mlango wa chumba chake. Ilikuwa mchana mweupe, watoto wa jirani wanapiga kelele nje. Aliweka mdomo karibu na kigae.

"Nirudishie viatu vyangu," alinong'ona.

Akasogeza mdomo karibu zaidi.

"Nyumba ulikuwa nayo. Mume ulikuwa naye. Ulipata wakati wako. Nirudishie vyangu, uende."

Kutoka chini ilikuja sauti moja. Haikuwa ya kugonga. Ilikuwa ya kidole kinachopita upande wa pili wa kigae, kikifuata mshipa mweupe, kutoka mwanzo mpaka mwisho... taratibu... kama mtu anayekipapasa kitu chake.

Sindano alichukua nyundo ya chuma.

Alipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Kigae kilipasuka, saruji ikapasuka, akachimba kwa mwiko wa jikoni na kisha kwa mkono, akafika kwenye udongo. Ulikuwa mkavu, mgumu, umeshindiliwa sawasawa. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na kiatu, wala panya, wala mtu. Alikaa katikati ya vifusi akacheka peke yake mpaka machozi yakatoka.

Mpima alimkuta hivyo. Hakufoka. Alichutama, akaokota vipande vya kijani kimoja kimoja, akaviweka kwenye kitambaa, akakifunga. Kigae cha kubadilisha hakikuwepo, maana vilikuwa havizidi wala havipungui. Jumamosi aliziba pale kwa saruji tupu. Hakumsemesha Sindano mpaka Jumapili.

Lakini hatua ziliacha. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Sindano alipita koridoni akikanyaga kwa nguvu kusudi, na chini hakukuwa na jibu. Alirudi dukani kwake, kwenye cherehani yake, akashona kama zamani, akawatania wateja. Kuhusu kiraka cha saruji alijiambia kwamba ni afadhali korido yenye kovu kuliko korido yenye mwenzi. Nusu ya mwezi ilipita hivyo, na moyo ukaanza kukaa mahali pake.

Mpaka asubuhi moja wifi alipomsimamisha barabarani, uso umekunjamana.

"Wifi, nimekukosea nini? Jana jioni nimekupungia mkono, hukuitika."

"Jana jioni? Nilikuwa na gauni la bibi harusi. Nimetoka dukani kwangu giza limeingia."

"Basi nani alikuwa amesimama mlangoni kwenu? Nilikuona kwa mgongo, unaingia ndani." Wifi alitazama chini, akakumbuka. "Na zile sandali zako za kiraka."

Siku nzima Sindano alishona mishono ya kuharibu na kufumua. Hatua hazikuwa zimeacha. Hazikuwa chini tena, basi. Yeye ndiye aliyemfungulia njia, kwa nyundo, kwa mkono wake mwenyewe.

Alifunga duka mapema, akafika nyumbani saa za magharibi, jua likiwa limebaki uzi mwembamba juu ya mapaa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kutoka jikoni alisikia sauti ya mumewe.

Mpima alikuwa anacheka.

Alikuwa anasimulia kisa cha kazini, cha mbuzi aliyekula kamba yake ya kupimia na kumburuta mwanafunzi wake nusu ya shamba. Kisa kizuri. Sindano hakuwahi kusimuliwa. Alisimama koridoni akisikiliza, kifua kikimchoma kuliko siku zote, kuliko siku ya daftari. Kisha akatembea kwenda jikoni.

Mpima alikuwa ameketi, uso kuelekea mlangoni. Kiti cha mbele yake kilikuwa kimevutwa kidogo, kama mtu anavyokivuta anapokaa. Hapakuwa na mtu juu yake. Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumba.

"Nimerudi," Sindano alisema.

Mpima aliendelea na kisa chake.

"Mume wangu, nimerudi."

Mpima alinyamaza. Aliinua macho mpaka mlangoni, mpaka pale hasa Sindano aliposimama, akayapitisha, kama mtu anavyoutazama mlango uliosukumwa na upepo.

"Umesikia hodi?" aliuliza.

Hakumuuliza Sindano.

Sindano alirudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo alipotambua kitu ambacho labda kilikuwa hivyo kwa siku nyingi, naye kwa furaha yake hakukisikiliza. Aliinua mguu, akakanyaga kigae. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Alipiga magoti akapiga sakafu kwa viganja vyote viwili, akapiga mpaka vikamuuma.

Hakuna sauti iliyotoka, juu wala chini.

Na jikoni, taratibu, kikombe cha pili kikawekwa mezani.